Dumu la Machi

Fundi Hamfrey alimimina, akafunga, akachukua elfu kumi yake.
Rejeta imejaa mpaka shingoni, alisema, nenda salama.
Hatujafika Bahi, gari likachemsha,
na mshale wa joto umelala chini,
umetulia kama mtu aliyekwisha kula.
Simlaumu mshale. Ulikuwa umezungukwa na hewa,
na hewa haina habari za mtu.

Sasa tumelipandisha kwenye mwamba nyuma ya nyumba, Ntyuka,
pua juu, mawe mawili nyuma ya matairi.
Nyemo ameinua kiti cha mbele
(Haisi huficha injini chini ya makalio ya watu
kama mama anavyoficha hela)
na kutoka mle ndani linapanda joto la jana.

"Limepoa, baba?"

Namwonyesha mkono, toka kiwiko mpaka kwenye saa,
ngozi iliyokunjamana, ramani yangu ya Sekenke,
mwaka niliokuwa na haraka na mfuniko.
Anaukalia ule mwamba. Nami nakaa.

Maji ya bomba huku yana chumvi,
ukiyachemsha, sufuria inavaa koti jeupe,
na rejeta ni sufuria isiyosuguliwa.
Kwa hiyo asubuhi nilikwenda kwa mama,
nikaomba dumu lake la mvua ya Machi,
lile la uvunguni, la chai ya wageni.
Mama Sechelela aliliangalia dumu, akaniangalia mimi,
akaliangalia gari kupitia dirishani.
"Mimi nina wageni. Hilo lina nani?"
Lina zabibu za Mpunguzi, mama. Kreti arobaini, kesho alfajiri.
Akalisukuma kwa mguu.

Taratibu, mwanangu. Usimimine kama unazima moto.
Kulanti nusu, mvua nusu.
Mdomo wa rejeta unakunywa, unanyamaza,
unacheua: bwe.
Unadhani umeshiba. Ngoja.
Minya mpira wa juu, bana, achia,
kama unavyomkamua mbuzi anayemfichia mwanawe maziwa.
Bwe. Bwe.
Maji yameshuka kidole kizima.
Hapa ndipo Hamfrey alipokuwa ameshaondoka.

Washa. Fungua hita, joto la mwisho, feni ya mwisho.

"Hita, baba? Na jua hili?"

Hita. Na jua hili.
Bomba zake ndio uchochoro, hewa inapenda kujibanza humo.
Haya, nati ile ndogo, spana namba kumi,
nusu mzunguko tu, usiing'oe.

Inafyonya,
kama shangazi aliyetajiwa mahari ndogo.
Inatema. Inafyonya tena. Inatema povu
kwenye shavu la Nyemo, anacheka, hajifuti.
Ongeza. Minya. Ongeza.
Halafu uzi mmoja wa kijani, mwembamba,
unatoka, unatoka,
haukatiki.
Kaza.

Nilitaka kumwambia jambo kuhusu mama yake,
jinsi nilivyoijaza ile nyumba kabati na makochi,
nikafunga mlango, nikawasha gari.
Nikasema: nipe kitambaa.

Tukaingia, tukakaa mbele, madirisha wazi.
Jana hita ilipuliza ubaridi, nikafurahi, mjinga mimi.
Leo inatuunguza magoti.
Jasho linamshuka Nyemo kidevuni, linadondokea kwenye spana,
na mshale umepanda mpaka katikati,
umesimama hapo, unatetemeka kidogo, umesimama.
"Tuizime?"
Bado. Iache kidogo.

Mama akaja kuulizia dumu lake.
Akalitikisa sikioni: vikombe viwili, labda na nusu.
Akatutazama, watu wazima ndani ya gari
lisilokwenda popote, tumelowa kama tuliovuka mto.
Hakuuliza.
"Nyemo, bandika sufuria."

Tulikuwa watatu. Alimimina kidogo kidogo,
akasubiri povu lishuke,
akaongeza.