Radhi kwa Neno Fulani

Kidole changu hiki cha shahada kina miaka kumi na moja
juu ya kitufe cha maikrofoni ya pili.
Hapa Urambo hawaijui sauti yangu,
isipokuwa kikohozi, siku ile niliyosahau kufunga.

Jumanne, saa nne asubuhi, aliingia mkunga Kalunde Mihayo
na mfuko wa nailoni, ndani yake daftari na kiazi cha kuchoma.
Akala nusu. Akavaa spika za masikioni juu ya kilemba.
Akaeleza: uchungu wa siku tatu, baiskeli kutoka Usoke,
mtoto amekwama, nyama imekufa, tundu limebaki,
mkojo unashuka bila kuombwa,
mume amehamia ghalani kulala na tumbaku
kwa sababu tumbaku inanukia.
Halafu akataja mahali.
Silabi mbili.
Zimo katika kitabu cha sayansi cha mwanangu,
zina mchoro na mshale.

Kidole kilitetemeka. Sikufunga.

Barua ilifika baada ya wiki tatu, kwa basi la Tabora.
Lugha isiyo na staha, saa ambazo watoto wako macho.
Faini, milioni mbili.
Na radhi isomwe siku tano mfululizo, saa ileile.
Meneja wetu Kasubi aliuza jenereta.
Umeme ukikatika sasa, tunanyamaza na mji mzima.

Msinielewe vibaya. Nilikuwa zamu
usiku ule mlevi mmoja alipopiga simu
akamvua nguo binti wa watu hewani,
kwa jina lake, kwa mtaa wake,
na binti hakurudi tena shule.
Usiku ule niliililia sheria. Nilitaka iwe na meno.
Haikuja. Ilikuwa saa tano,
na kwa mujibu wa kanuni watoto walikuwa wamelala.

Tena kila jioni, ugali ukisongwa,
hupita tangazo la mganga, limelipiwa mwezi mzima:
mzizi wa kuamsha jogoo,
wa kusimamisha nguzo ya nyumba, wa kurudisha utamu wa muwa.
Watoto wanacheka. Wanajua jogoo yupi.
Hilo halijaandikiwa barua. Limevaa kanzu.

Basi tukakaa kuandika radhi.
Mtangazaji wetu, Nzela, akauliza: tunaombea neno gani?
Tukilitaja, tumelirudia.
Tusipolitaja, tunatubu nini?
Kasubi akafuta jasho, akasema, andika "neno fulani".

Redio yenu inaomba radhi kwa neno fulani
lililotamkwa na mtaalamu fulani
kuhusu sehemu fulani.

Siku ya pili simu zikafurika.
Mrina asali mmoja aliapa kuwa ni tusi la Kinyamwezi,
tena la ukoo wa mkewe.
Mwalimu mstaafu akasema hapana,
mtu alitaja bei halisi ya tumbaku,
kwani siku hizi ni nini kingine huombewa radhi?
Nzela alisoma, alisoma,
na kila akisoma "fulani" lilizidi kunona.

Siku ya tano, tulipomaliza,
mwanamke alikuwa nje.
Khanga tatu, moja juu ya nyingine, saa sita ya jua.
Alisimama mbali na mlango,
upande ule upepo unakokwenda, asitufikie.
Akasema: Kaka,
mimi naumwa hapo mnapopaombea radhi.

Taa nyekundu ilikuwa imezimwa. Hewani kulikuwa na muziki.
Nikalitamka.
Uke.
Mara ya kwanza katika miaka yangu kumi na moja
mbele ya mwanamke nisiyemjua.
Akaitika, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Sikuwa na karatasi.
Nikachukua bahasha ya ile barua, yenye mhuri,
nyuma yake nikachora njia:
pita mizani ya chama cha msingi, kata kushoto,
mlango wa bati la kijani,
umuulize Kalunde.