Ndoo ya Nane

Ndoo nane za rangi, lita ishirini ishirini,
nyuma ya kituo chetu hapa Luchelele.
Tumezisugua kwa mchanga na majivu
na bado ukiinama unasikia harufu ya ukuta mpya.
Kila moja maji ya ziwa. Kila moja furu kumi,
wadogo, sawa na ukucha wa kidole gumba.

Ya kwanza hatukuitia kitu.
Ya pili, mbolea: kijiko cha chai, kimesawazishwa kwa rula.
Ya tatu, tope la Mto Mirongo, bakuli moja.
Ya nne, joto, digrii tatu juu ya ziwa,
kwa hita ambayo Daktari Rwegoshora huifungia kabatini kama dhahabu.
Kisha tukaozesha: mbolea na tope, tope na joto, joto na mbolea
(neno lina maana mbili, na zote mbili zilitimia)
mpaka ya nane, humo yote matatu,
mume, mke na mkwe chini ya bati moja.

Mimi ndiye wa kuhesabu. Saa kumi na moja alfajiri,
maana pumzi ya maji huwa fupi kabisa kabla hakujakucha,
natoka na tochi mdomoni na kichujio cha chai.

Ya kwanza amekufa mmoja. Bila sababu. Hutokea.
Mbolea, watatu. Tope, wawili. Joto, wawili.

Shuleni Buhongwa tuliimbishwa: haba na haba hujaza kibaba.
Niliamini. Nani anabishana na kibaba?
Lakini methali ile ilitungwa na mtu wa nafaka;
punje hailali na punje ikaamka kitu kingine.

Mbolea na tope: nilitarajia wanne, nikatoa wawili.
Tope limeziba jua, ukijani umekosa mwanga,
maadui wamekabana koo, samaki kapita katikati.
Nikaona aibu kufurahi.
Kumbe mtu anaweza kuliombea ziwa tope.

Joto na mbolea: wanane.
Kidole kimoja hakivunji chawa; hapa vilikuwa viwili.

Kabla ya kufunua ya nane tuliwekeana dau la soda.
Daktari alijumlisha: watano, akapigia mstari.
Mafuru, mlinzi, bila kalamu:
“Wote. Nyumba yenye ugomvi wa watatu naijua.”
Mimi nikasema saba,
nikimfikiria mama, soko la Kirumba, mwaka ule kodi ilipopanda,
mguu ulipovimba, baba alipohamia Ukerewe.
Kila moja peke yake angelibeba huku akitania wateja.

Walikuwa wanne.
Hakuna aliyekunywa soda.

Mwezi uliofuata tukarudia. Kijiko kilekile, bakuli lilelile,
hita ileile. Wakafa tisa,
na wa kumi alielea ubavu, akinitazama kwa jicho moja.
“Usiku ule upepo haukuvuma,” Daktari alisema baadaye,
polepole, kama anayekiri deni.

Upepo hatukuwa na ndoo yake.

Leo nimemwaga maji yote kwenye matuta ya viazi
na kuzipindua ndoo zikauke.
Kutoka hapa juu ya mawe naiona ghuba:
vizimba vya sato, gugumaji limeng'ang'ania kona,
mtaro wa Igogo ukitema kahawia, utando wa kijani,
na jua ambalo halijaulizwa chochote.
Watu wa wizara wanakuja Jumatatu. Wanataka namba moja.
Ninazo mbili, zote za kweli, haziongei.
Wataniuliza pia, na ya kwanza ya ziwa iko wapi,
ile isiyotiwa kitu, ya kulinganishia?
Nimeitafuta kwa macho toka Nyegezi hadi kisiwa cha Saanane,
nikarudi, nikaitafuta tena.

Mafuru ananiletea soda, ya moto, haikukaa kwenye friji.
“Nilikosea kwa samaki mmoja tu,” anasema,
na anakaa juu ya ndoo ya nane kunisubiri niinywe.