Glas, si Glasi

Mara ya kwanza alipolitamka, nilikwenda kuleta maji.
Hombolo, saa nane mchana, Novemba, mvua bado ahadi,
mgeni amesema *glas*, nami ni nani nimnyime glasi?
Akayanywa yote. Akacheka. Akanyoosha kidole kwa punda.

Punda wa mzee Chilewa, yule wa majivu,
madumu manne mgongoni.
"Huyo. Kwetu Ayalandi, huyo ni glas."
Kisha akashika jani la mzabibu:
"Na hili pia."

Dada Gráinne, nikasema, jua limekuingia.
Jani na punda wapi na wapi?
Mmoja ni chakula, wa pili ndiye mlaji.

Akaendelea, huku akichota udongo wa kupima kwa kijiko:
nyasi, glas. Sufu ya kondoo asiyeoshwa, glas.
Bahari yao siku ya baridi. Macho ya bibi yake.
Kijana anayejifanya anajua, naye glas.
Na asili yake, akasema, zamani za zamani,
kabla kijani na kijivu hawajagawana mirathi,
ilikuwa kung'aa tu.

Nikachuma zabibu moja, ngumu kama goroli, nikampa.
Akakunja uso.

Mbichi, nikamwambia.
Na kuni zinazotuliza jikoni, mbichi.
Shati kwenye kamba, bichi. Maziwa kabla ya moto.
Rangi ya ofisi mpya kule mjini,
palipokuwa na uwele wa shangazi Nyendo: mbichi, usiegemee.
Neno letu halihesabu rangi. Linahesabu siku.

Akaandika daftarini. "Na nini tena?"
Basi, nikasema, ni hivyo tu.

Sikumtajia nyuma ya safu ya mwisho ya mizabibu,
Mama, wiki ya sita,
udongo bado una meno ya jembe.
Watu wakipita pale hushusha sauti:
kaburi bichi hilo.

Desemba mvua ilipiga siku mbili mfululizo.
Alfajiri ya tatu nikaenda na gamba la mguu likinivuta tope.
Tuta lilikuwa kijivu,
halafu, ukiinama, kijani,
halafu jua likatoka na sikujua tena niite nini.

Gráinne alikwisharudi kwao na vijiko vyake.
Nikalitamka peke yangu, vibaya, kwa ulimi wa Kigogo.
Punda wa Chilewa akageuza shingo.