Herufi ya Basi

Chinduli aliingia stesheneri na vumbi la Kitangari viatuni,
flashi mkononi, akasema: "Filamu imekwisha.
Limebaki jina."
Washenga wanakosea nyumba, wanamposa bibi badala ya mjukuu,
bibi anakubali. Newala nzima itacheka, alisema,
na jina alilitaka jekundu.

Nikamwambia, jekundu tupu ni la wachawi.
Katazame rafu ya Mnonjela pale stendi:
kila jekundu linachuruzika,
kila herufi imeota kucha.
Mapenzi ya kuchekesha ni nyekundu iliyotiwa maziwa
mpaka ikasahau kisu.
Nikamwonyesha waridi. Nikamwonyesha njano ya kanga isiyofuliwa.
Nikamwonyesha shavu la bibo
asubuhi, kabla nyuki hawajaliwahi.
Akachagua bibo.

Tukaja kwenye maumbo.
POSA YA SAA NANE
zimesimama kama mgambo wa mnada, nani atacheka hapo?
Marehemu baba aliandika hivyo, brashi na rangi ya mafuta,
kwenye milango ya maghala,
herufi za mraba ambazo mkulima hathubutu kuziuliza
kilo zake zimepungulia wapi.
Jina la mapenzi huandikwa dogo,
limeinama mbele kidogo
kama mtu aliyesikia akiitwa dirishani,
s imemwegemea a begani,
na nafasi kati ya neno na neno
isizidi pumzi ya mtu anayejizuia kucheka.

Umeme ukakatika.
Ukungu wa Newala ukaingia mlangoni, ukakaa nasi kwenye benchi.
Chinduli akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne,
akanikabidhi bila kuitazama.
"Mwandiko huu ndio ninaoutaka."

Ukurasa wa daftari, kalamu ya buluu:
*Chinduli, nimechoka na kamera yako.
Ufunguo nimemwachia Mama Akinai.
Usinifuate Masasi.
basi*

Sikuuliza. Umeme uliporudi, skana nayo haikuuliza.
Nikachukua y ya *yako*, mkia wake mrefu.
Masasi ina s mbili; nikachagua ya pili, ilishatulia.
*Nimechoka* peke yake ilinipa n, ikanipa o, ikanipa e,
neno moja likalisha nusu ya jina.
Na a zilikuwa tele, kila moja imefungwa vizuri.
Mkono huu haukutetemeka.

Pe haikuwamo.
Nikasoma mara tatu.
Hamna pole. Hamna mpenzi.
Hamna hata pengine.

Ikabaki ile *basi*, iliyoandikwa kwa herufi ndogo,
na mtu ambaye mguu mmoja ulishavuka kizingiti.
Nikaichomoa be yake,
nikaipindua juu chini kama chapati:
tumbo likapanda, mguu ukashuka.
Pe.
Nikaipaka bibo. Nikaiinamisha kidogo.
Chinduli akacheka, akalipa nusu.

Bango likakaa ukutani kwangu msimu mzima wa minada.
Watu walicheka kwa kulisoma tu,
hata wasiojua kwamba ndani kuna bibi.

Novemba akaja mwanamke wa kutoa kopi ya cheti.
Akasimama mbele ya bango.
Kidole chake kikafuata hewani mkia wa y,
kikaijua njia.
"Nani kaandika?"
"Kompyuta," nikasema.
Akasogea.
"Hiyo pe siyo yangu."
Kisha akalaza shingo, polepole,
kama anayemtambua jirani kwa mgongo.

Kopi mbili, mia mbili. Alinipa elfu.
Nilipoinuka na chenji
bado shingo ilikuwa imelala
na alikuwa anaanza neno,
midomo imekutana,
kama inavyokutana kwa be,
kama inavyokutana kwa pe.