Mfaranki wa Al-Khoudh

Kila Alhamisi usiku mimi ni Mfaranki,
kwa kuwa hakuna mwingine anayekubali.
Zahor amekwishatandaza ramani sakafuni,
pembe amezikandamiza kwa viatu vya mwanawe,
na mfalme wangu, aliyepotea tulipohama Ruwi,
leo ni kokwa ya tende.

Nina wapanda farasi kumi na wawili wa kadibodi,
chuma tupu, wazito kama madeni.
Nina Akka, ila juu ya bandari yake
pana duara la kahawa: kikombe cha mamake Zahor,
aliyepita akauliza,
"Bao gani hili lisilo mashimo?"

Nikatoka Saffuriya. Najua, najua.
Karata ilisema Tabariya imezingirwa
na mimi sijajaliwa kuiachia ngome.
Dado: mbili. Dado: moja.
Kufika zamu ya tisa visima vyote vina rangi ya Zahor,
na kanuni haina mjadala: jeshi lisilo maji
kila jua likichwa hupungua nusu.

Nje, gari la maji linanguruma kupanda kilima.
Kiyoyozi kinadondosha tone, tone, ndooni.

Nikaanza kuviondoa vipande vyangu, kimoja kimoja.
Akanisogezea bilauri ya baridi, inayotoka jasho.
Nikanywa yote. Nikamkumbusha:
aliyenyweshwa na mshindi hauawi.

Zahor akafungua kitabu cha kanuni,
akalamba kidole, akapekua hadi ukurasa wa mwisho.
"Hilo," akasema, "halimo,"
akaichukua kokwa.