Tetri Moja kwa Kila Lari

Miaka kumi na tisa kazi yangu iliishi mfukoni mwa aproni:
noti zenye harufu ya shampuu, sarafu zilizoshika nywele.
Nilipanda ngazi za maghorofa ya Kutaisi
na beseni, mkasi, kitana, taulo tatu,
kuwaosha nywele wasioinuka tena kitandani.
Hakuna aliyeuliza kisheria mimi ni nani.

Kisha nyumba ya wazee ng'ambo ya mto Rioni ikanihitaji,
vichwa ishirini na sita, kila Alhamisi ya pili.
"Kazi ipo," mkurugenzi alisema, "ila tunataka risiti.
Bila namba ya mlipakodi, Makvala, kwetu wewe ni upepo."

Upepo!
Upepo wenye magoti mabovu na deni la gesi.

Nikaenda. Kijana wa dirishani, Badri, beji imepinda,
amenyolewa ovyo nyuma ya sikio la kushoto
(mikono yangu niliikalia).
Anwani ya biashara?
"Vitandani," nikasema.
Hakucheka. Akaandika nyumbani kwangu, ghorofa ya nne.
Shughuli?
Nikamweleza: kichwa nakilaza katika kiganja,
maji yawe na joto la machozi, wala si zaidi,
na shingo siiachii hata mlango ukigongwa.
Akapekua orodha yake, juu, chini, juu.
Kushika shingo hakumo.
Kuna "utengenezaji wa nywele na urembo".
Akabonyeza hapo.

Karatasi ikatoka mashineni vuguvugu kama taulo.
"Sasa kodi," akasema. "Ukipata hadhi ya biashara ndogo,
asilimia moja ya kila kiingiacho.
Shampuu hutoi. Nauli hutoi.
Tamko kila mwezi, kabla tarehe kumi na tano haijapita."
"Na nisipopata kitu?"
"Sifuri nayo hutangazwa."

Mama yangu, Tsiala, themanini na saba,
aliyeshika vitabu vya kiwanda cha malori mpaka kiwanda kikafa,
aliposikia hayo akaketi wima
kwa mara ya kwanza tangu theluji ianze.
"Mali bila daftari," akaanza, na sentensi hakuimaliza,
alikuwa anatafuta rula.

Bibi Nunu, lari kumi na tano.
Mzee Shalva, nywele na ndevu, ishirini.
Ketino alilipa kilo mbili za jozi zilizobanguliwa.
Hapo tukagombana: jozi ni mapato au ni ujirani?
Nikampigia Badri simu. Kimya kirefu.
"Mama," akasema, "kuleni jozi."
Tulizila. Lakini kwanza mama alituma mtu sokoni kuuliza bei,
akaiandika, kwa wino.

Machi ilichukua vichwa vinne.
Binti yake Shalva aliniita alfajiri,
nikamnyoa amelala, kama siku zote,
ila safari hii hakulalamika kwamba maji ni ya baridi.
Yalikuwa ya baridi.
Binti akaniwekea ishirini mkononi, akaukunja mkono wangu.
Sikutaka kuiandika ile.
"Andika," mama akasema. "Mtu amelipa."
Basi tetri ishirini za Shalva zilikwenda serikalini.
Nikipita karibu na duka la dawa hulitazama lile shimo
lililomvunja nyonga,
nione kama zimefika.

Usiku wa tarehe kumi na nne. Simu imeegemezwa kwenye bakuli la sukari,
tamko limejazwa, limesomwa mara mbili, limetumwa.
Bado kichwa kimoja.
Namlaza mama juu ya beseni.
Nywele zake zikilowa zinaenea katika ngumi moja.
"Mimi umeniandika ngapi?"
"Wewe ni bure."
"Bure haina safu. Weka sifuri. Weka na tarehe."
Nikafuta mkono, nikaandika.
Kisha, povu likiwa bado sikioni,
akadai risiti.