Bitana

Koti la Mwalimu Odeny limefika kibandani kwangu Kibuye
limefungwa gazetini kama mbuta.
Nje ni sufu ya kijivu, kola wima,
vifungo vya shaba ambavyo kanisa zima linavijua.
"Nibadilishie bitana tu," alisema,
akiitazama cherehani, si mimi.

Nimeligeuza.
Jamani.
Kwapa la kushoto ni kipande cha chandarua.
La kulia, pindo la gauni la maua ya zambarau.
Nalijua. Nililishona mwenyewe.
Nyar Gem alilivaa mara ya kwanza harusini kwa mdogo wake,
ya pili, tuliambiwa, kaburini.
Kumbe kaburi halikupewa lote.

Mishono ni mirefu, inayumba,
ya mwanamume aliyeshona usiku
bila kumwamsha binti amtungie uzi.

Sokoni tulisema Odeny ana moyo wa jiwe,
hata jeneza liliposhuka alitazama saa.
Nami nilisema. Tena kwa sauti.

Sasa nina mkasi, na mita mbili za hariri bandia,
nyeusi, inayoteleza kama kambare.
Mvua ya ziwa imeanza kugonga mabati.
Mkasi nimeuweka chini.

Nimeishona hariri juu ya maua,
sikufumua hata uzi mmoja.
Jumapili atalivaa, ataona limezidi uzito kidogo,
atadhani ni upya wa kitambaa.
Au atapapasa kwapani, atajua.

Nitamtoza ya bitana tu.